Jumatatu Nchi Nzima Ilipojua Kiingereza

Hapo zamani za juzi, wala si kale sana, palikuwa na nchi. Jina lake lingetajwa hapa, ila lilipelekwa kutafsiriwa na mpaka leo halijarudi. Ilikuwa nchi ya kawaida tu: ina mito, ina mahindi, ina lugha arobaini na moja, na juu ya hizo ina lugha ya sokoni, ambayo karibu kila mtu aliijua na hakuna aliyekumbuka kuihesabu.

Katika wilaya moja ya nchi hiyo, iliyoitwa Mwasenga, aliishi Bwana Lugendo, mkalimani wa mahakama. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kati ya hakimu na mshtakiwa, mkono mmoja mgongoni, akiyavusha maneno kutoka upande huu hadi upande ule bila kuyamwaga. Alijua lugha saba. Ya saba ilikuwa Kiingereza, aliyojifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho. Hakuwa mtu wa haraka. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atatoka nje kwanza.

Mwaka huo Bunge lilikaa siku tisa kujadili lugha ya taifa. Bi Zawia, karani wa mahakama, aliweka redio dirishani, na watu waliokuja kusikiliza kesi zao wakasikiliza Bunge kwanza, kwa kuwa lilikuwa na kelele zaidi.

"Mheshimiwa Spika," alinguruma mbunge wa ziwani, "watu wa milimani hawawezi kutupa lugha yao. Wana maneno kumi na manne ya kuazima na hawana hata moja la kurudisha!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nje ya mahakama nako wakacheka.

"Na ninyi," akajibu wa milimani, "mkisalimiana asubuhi, mnamaliza adhuhuri. Taifa litalima saa ngapi?"

Wakacheka tena, safari hii hata wa ziwani. Waziri wa Ustawi wa Ndimi akasimama, akasubiri vicheko vitulie, akasema kwa huzuni kubwa, "Waheshimiwa, mnaona wenyewe. Hatuelewani."

Mbunge mmoja mama, ambaye jina lake halikuandikwa, akauliza, "Sasa siku tisa hizi tunaongea nini hapa?"

"Tunaongea lugha ya sokoni," alisema Waziri. "Lugha ya sokoni ni ya kununulia dagaa. Taifa halinunui dagaa."

Makofi yakapigwa kwa dakika mbili. Baada ya hapo hoja ya Kiingereza ikasomwa. Ubora wake ulikuwa mmoja: hakikuwa cha mtu. Hakuna kabila nchini lililokizaa, kwa hiyo hakuna ambaye angemwonea mwenziwe kwacho.

Ni haki kusema kwamba hofu hiyo haikuwa ya kuchekwa. Miaka ya nyuma, watu wa mashariki waliwahi kufanyishwa mitihani ya kazi kwa lugha ya watu wa magharibi, na kwa kizazi kizima hakuna mtu wa mashariki aliyepata hata ubawabu. Bwana Lugendo aliyakumbuka hayo, kwa kuwa babake alikuwa mmoja wa waliofeli. Kwa hiyo Spika aliposema, "Wanaoafiki waseme ndiyo," na Bunge likasema ndiyo kwa lugha ya sokoni, Bwana Lugendo hakununa. Alifikiri kwamba mwanzo utakuwa mgumu, na baadaye watu watafundishwa.

Hilo la kufundishwa ndilo peke yake alilokosea.

*

Gazeti la Serikali lilitoka Ijumaa. Lilisema kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane atahesabiwa kuwa anajua Kiingereza. Wagonjwa waliongezewa muda hadi Jumatano. Mtu atakayedai hajui atakuwa ametoa taarifa ya uongo kwa serikali, na mtu atakayesema lugha nyingine ndani ya ofisi ya umma atafungwa miezi sita.

Jumatatu hiyo Afisa Lugha alifika Mwasenga na meza, kidau cha wino, na maboksi manane ya Vyeti vya Kujua. Watu wakapanga foleni kwenye uwanja wa zahanati, palepale wanapopimia watoto.

"Weka dole gumba hapa," Afisa akasema. "Haya. Umeshajua."

"Tayari?" akauliza mzee mmoja.

"Tayari."

"Mbona sijisikii tofauti?"

"Inaingia taratibu. Mwingine!"

Mwingine alikuwa Nyamizi, mfinyanzi, mwanamke wa makamo wa kabila la Wasonda, mikono ikiwa bado na udongo. Aliuangalia wino, akauangalia udongo wa vidoleni mwake, akaona havitofautiani sana.

"Na ile ya zamani inaondoka?" akauliza. "Maana mama yangu amepooza, na anajua Kisonda tu. Nikiisahau, nani atamwitikia?"

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Alimwambia kwamba hilo halijaamuliwa. Nyamizi akaweka dole, akapewa cheti, akaenda nacho nyumbani na kufunikia mtungi wa maji, kwani kilikuwa kigumu na kilitosha mdomo wa mtungi barabara.

Tangu Jumatatu ile nchi ilipatwa na ugonjwa wa macho. Watu wenye macho mazima siku ya Jumapili walianza kupeana barua na kusema, "Hebu nisomee, macho yangu siku hizi." Wakuu wa idara walipatwa zaidi. Wizara ya Afya iliagiza miwani laki sita, na ilipofika haikumsaidia mtu.

Bi Zawia alimletea Bwana Lugendo barua yenye mhuri. Alifunga mlango kwanza, kisha akanong'ona kwa lugha ya sokoni.

"Bwana Mkalimani, hebu isome. Naielewa, usinifikirie vibaya, ni haya macho. Wamekupandisha cheo?"

Bwana Lugendo aliisoma mara mbili, kama kawaida yake.

"Wamenishukuru," akasema. "Wanasema kwa kuwa hakuna tena asiyejua, hakuna cha kukalimani. Wananitakia mapumziko mema."

"Yaani wewe unayekijua ndiye unayeondoka?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na sisi tunabaki?"

"Mnabaki, dada."

Bi Zawia akakaa chini. "Mungu wangu," akasema. "Tutafanyaje?"

*

Nje kidogo ya mji palikuwa na shimo la udongo ambalo wanawake wa Kisonda walilichimba tangu bibi zao. Wizara ya Ustawi wa Ndimi ilipotafuta mahali pa kujenga Mnara wa Ulimi, wa mita arobaini, wenye taa, ilitazama ramani na kuona hapo hapana kitu. Ikasimamisha kibao cha Kiingereza kisemacho kwamba ni mwiko kuchimba, adhabu miaka mitatu.

Nyamizi alifika asubuhi yake na jembe. Alikiona kibao, akafurahi, maana siku zote alikosa pa kutundika khanga. Akaitundika, akachimba.

Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa mawili: kuchimba, na kufunika maneno ya serikali kwa nguo. Ushahidi ulikuwa mwepesi. Cheti cha Kujua nambari 4,118 kilikutwa juu ya mtungi wake. Mwenye cheti anajua, anayejua alisoma, aliyesoma na bado akachimba, amekusudia. Inspekta Tindo, mwendesha mashtaka, alisema hajawahi kuwa na kesi iliyonyooka namna ile.

Bwana Lugendo alisikia habari sokoni, akaenda mahabusu kumwona. Alimkuta amekaa kimya, kichwa kimeinama.

Kimya hicho alikielewa. Mila ya Wasonda ni kwamba mtu aliyeshtakiwa hajisemei. Kujisemea ni aibu, na ni dalili ya hatia, kwa kuwa mwongo ndiye huwa na haraka ya kujieleza. Anayesema ni jirani wa mkono wa kushoto, anayejua mtu huyu analala saa ngapi na anapika nini. Jirani akimaliza, mshtakiwa huweka viganja viwili kichwani, maana yake: ndivyo, sina la kuongeza. Basi.

Kwa miaka ishirini na miwili Bwana Lugendo alikuwa akimtafuta huyo jirani miongoni mwa wasikilizaji, anamuuliza kwa Kisonda, kisha anamwambia hakimu majibu kana kwamba mshtakiwa ndiye aliyesema. Haikuwa halali kabisa, lakini haki ilitendeka. Majalada ya Mwasenga mpaka leo yanaonyesha kwamba Wasonda ni watu fasaha kuliko wote nchini, ilhali hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo.

"Nyamizi," akasema, "nitakufundisha sentensi moja ya Kiingereza. Moja tu. Kwamba hukukijua kibao kinasema nini."

"Nijisemee mwenyewe?"

"Ni fupi."

"Kaka Lugendo, wewe unatujua. Nikijisemea, hata mama yangu hataniamini. Jirani yangu ndiye aseme."

Tatizo ni kwamba nyumba ya kushoto ilikuwa tupu tangu masika. Mwenyewe alihamia kwa bintiye.

"Mama anaendeleaje?" Nyamizi akauliza. "Lazima ageuzwe asubuhi, mchana na jioni. Shemeji yangu anakuja, lakini ana watoto wake, hawezi kuja kila siku. Miaka mitatu, kaka. Mama hana miaka mitatu."

Bwana Lugendo alirudi nyumbani, akafikiri siku nzima. Kesho yake alibeba kitanda chake, sufuria, na kamusi yake isiyo na mwisho, akahamia nyumba ya kushoto. Alifanya mambo kwa utaratibu. Mila inataka jirani awe amelala usiku tatu na awe ameomba moto kwenye jiko la yule atakayemsemea. Akalala usiku tatu. Asubuhi ya nne akapiga hodi na kigae mkononi.

"Bibi Kahabi, naomba moto."

Mama yake Nyamizi alimtazama kutoka kitandani. "Wewe si yule wa mahakamani?"

"Nilikuwa. Sasa ni jirani wa kushoto."

"Jirani gani anakuja na suruali ya pasi," akasema Bibi Kahabi. "Haya, chota. Halafu nigeuze, ubavu huu umekufa ganzi. Usinishike kama faili! Nishike kama mtu."

Akamgeuza. Tangu siku hiyo akawa anamgeuza asubuhi, mchana na jioni.

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mheshimiwa Bazigu, hakimu, aliingia akiwa na miwani mbili, moja usoni na moja kwenye paji la uso. Alikuwa mtu mpole, aliyehukumu vizuri kwa miaka mingi kwa lugha ya sokoni. Inspekta Tindo akasoma mashtaka. Kila alipofika kwenye neno gumu alikohoa, na hati ilikuwa ndefu, hata Bi Zawia akamletea maji. Hakimu aliitikia kwa kichwa mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa kuwa kuuliza kulikuwa na miezi sita.

Mshtakiwa akaulizwa anasemaje. Nyamizi akakaa kimya, akamtazama jirani yake.

Bwana Lugendo akasimama. Sheria iliruhusu raia yeyote kuihutubia mahakama kwa Kiingereza, kwa sababu waliotunga sheria hawakutegemea kwamba angejitokeza mtu. Akaweka mkono mmoja mgongoni, akaanza.

Alisema kwa dakika ishirini. Alisema kwamba mama huyu hakukisoma kibao kwa sababu hajui kusoma lugha yake, wacha ya wengine. Kwamba dole gumba halina ubongo. Kwamba shimo lile lina umri mkubwa kuliko wizara, na vyungu vya nusu ya wilaya vilitoka humo, pamoja na mtungi wa maji uliopo chumbani kwa hakimu. Kwamba yupo kizee kitandani ambaye kifungo cha bintiye kitakuwa kifo chake. Mwisho alisema kwamba anajua mahakama haimwelewi, na kwamba hamlaumu yeyote aliyeketi pale kwa kutoelewa, ila anaomba mtu mmoja awe na ujasiri wa kusema kwamba haelewi, ili wote waanze tena kwa lugha wanayoijua.

Kilikuwa Kiingereza kizuri kuliko chochote kilichowahi kusemwa Mwasenga. Watu waliohudhuria walisimulia baadaye kwamba kilikuwa kama mvua kwenye bati: unajua inanyesha, basi. Hakimu aliitikia kwa kichwa. Alipoombwa awe na ujasiri, aliitikia pia.

Bwana Lugendo akakaa. Nyamizi, kwa heshima, akaweka viganja viwili kichwani.

Mheshimiwa Bazigu aliwaza kwa muda mrefu. Hakujua kilichosemwa, na mtu asiyejua kilichosemwa hutazama aliyesema. Alimwona mtu aliyetumikia serikali miaka ishirini na miwili, aliyevaa suruali ya pasi, aliyesema kwa uchungu, na mara mbili alimwonyesha mshtakiwa kwa kidole. Kisha alimwona mshtakiwa akishika kichwa, kama watu wanavyoshika kichwa wakizidiwa. Akaandika, kisha akasoma kwa Kiingereza chake kidogo, neno moja moja: mahakama inamshukuru mtumishi wake mwaminifu kwa ushahidi mzito dhidi ya mshtakiwa; mshtakiwa mwenyewe amekiri kwa ishara; kwa uzito wa ushahidi huo, mitatu iwe mitano.

Katika chumba kile aliyeelewa hukumu alikuwa mmoja. Hakimu mwenyewe aliielewa kiasi.

Nyamizi alikuwa anatabasamu. "Umenisemea vizuri, jirani," midomo yake ilisema bila sauti.

Ndipo Bwana Lugendo, mtu ambaye hakuwa wa haraka, akaruka kwenye benchi na kupaza sauti kwa lugha ya sokoni.

"Sikumshtaki! Nimemtetea! Mheshimiwa, nimemtetea huyu mama dakika ishirini, na wewe umempa miaka mitano! Mnanisikia? Kuna mtu ananisikia?"

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Cha hakimu, cha Inspekta, cha Bi Zawia, cha askari mlangoni. Hakuna aliyechelewa hata kidogo. Kila mtu akaona kila mtu ameelewa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, vikarudi kutazama mbele.

Mheshimiwa Bazigu alishika kalamu. Akaipeleka juu ya hukumu yake. Ni haki kulisema hilo. Machoni mwake lilipita jambo, na Bwana Lugendo aliliona, akangoja.

"Karani," hakimu akasema kwa Kiingereza, "umesikia kitu?"

Bi Zawia alitazama karatasi yake. "Hakuna, Mheshimiwa."

"Inspekta?"

Inspekta Tindo akakohoa. Hakuna.

Askari mmoja alikuwa ameshatoa pingu. Akazitazama, akazirudisha mfukoni. Kumkamata mtu kwa kusema lugha ya sokoni ni kukubali kwamba umesikia alichosema, na aliyesikia alichosema angelazimika kuifungua kesi upya. Kwa hiyo hawakumkamata. Hawakumtoa nje. Alisimama juu ya benchi akasema kwa lugha ya sokoni, akasema kwa Kisonda, akasema kwa lugha ya ziwani na ya milimani, na nyingine tatu, na watu wakakusanya vitu vyao wakimpita pembeni kama wanavyokipita kiti kilichosahauliwa njiani. Bi Zawia alipompita alikuwa analia, na alimwambia mtu aliyekuwa kando yake kwamba ni macho.

Nyamizi ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho. Alipofikishwa mlangoni akasimama, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama ile Msonda akafungua mdomo.

"Basi, jirani," akasema. "Shuka, utaanguka. Wamesikia wote. Nenda ukamgeuze mama, jua limeshavuka."

Na hilo nalo halikuandikwa popote, kwani hakuna aliyelisikia.

*

Bibi Kahabi alikuwa macho. "Umechelewa," akasema. "Ubavu unawaka moto. Ulimsemea?"

"Nilimsemea, mama."

"Kwa lugha yao?"

"Kwa yao na kwa zote ninazozijua. Saba."

"Saba! Wakajibu nini?"

Bwana Lugendo akachuchumaa kando ya kitanda. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kukosa neno la kumpa mtu anayengoja. Alitafuta kwa utaratibu, lugha baada ya lugha.

"Hawakujibu," akasema mwishowe.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Uso wa kizee ukafunguka. Wasonda wanajua tangu zamani kwamba jirani akisema na upande wa pili ukakosa la kujibu, kesi imekwisha na mtu wako anarudi nyumbani.

"Basi tumeshinda," akasema. "Nigeuze nielekee mlangoni, nimwone akiingia."

Akamgeuza.